Taa ya Kijani Isiyosema Ukweli: Ukurasa wa Hali ya Huduma Ni wa Nani?

Pesa ikikwama hewani, mteja huwa na swali moja tu: shida ni simu yangu au ni nyinyi? Kila anachofanya baada ya hapo kinategemea jibu. Akiamini shida ni simu yake, ataizima na kuiwasha, atatoa laini na kuirudisha, halafu atatuma tena. Akijua shida iko kwa kampuni, atangoja. Kati ya kutuma tena na kungoja kuna pesa ya mtu, na mara nyingi pesa hiyo ni karo, ni dawa, au ni mtaji wote wa mama mboga wa siku hiyo.

Jibu la swali hilo linafaa kupatikana mahali pamoja panapoitwa ukurasa wa hali ya huduma. Huu ni ukurasa mdogo ambao kampuni huuweka ili kusema: kutuma pesa kunafanya kazi, kutoa kwa wakala kunafanya kazi, kulipa bili kumekwama tangu saa fulani. Wengi wetu hatujawahi kuufungua. Sababu ni rahisi: kampuni nyingi huutengeneza ukiwa na sura ya kuwapendeza mainjinia na mabosi, kisha zinashangaa kwa nini wateja bado wanapiga simu huduma kwa wateja laki moja kwa wakati mmoja.

Maoni yangu ni haya. Ukurasa wa hali ya huduma upangwe kwa ajili ya mtu aliyesimama mbele ya duka Nyacheki, ana kabambe mkononi, hana bando, na nyuma yake kuna foleni. Ukimfaa huyo, utamfaa kila mtu. Usipomfaa huyo, hata ukiwa na rangi nzuri namna gani, ni pambo.

Kila kitu pale ni mpangilio wa mtu

Tunapoona taa ya kijani kwenye skrini, tunadhani kompyuta ndiyo imesema. Si kweli. Nyuma ya taa ile kuna mtu aliyekaa akachagua. Amechagua huduma zipi zionyeshwe na zipi zifichwe. Amechagua taa igeuke manjano baada ya muda gani. Amechagua kama itageuka yenyewe au mpaka meneja abonyeze. Amechagua lugha, saa, rangi, na maneno. Amechagua kumbukumbu za hitilafu zikae siku ngapi kabla ya kufutwa.

Machaguo hayo yanaonekana madogo, lakini ndiyo yanayoamua kama utaambiwa ukweli au utatulizwa tu. Ndiyo maana nataka tuyapitie moja baada ya jingine, ili siku nyingine ukifungua ukurasa wa kampuni yoyote, hata wetu, ujue cha kudai.

Ukurasa usilale nyumba moja na mgonjwa

Chaguo la kwanza ni mahali ukurasa unapoishi. Tarehe 28 Februari 2017, huduma ya kuhifadhi data ya kampuni ya Amazon ilianguka katika eneo lake la Virginia ya Kaskazini, Marekani. Chanzo kilikuwa amri moja iliyoandikwa vibaya na mfanyakazi aliyekuwa akirekebisha mfumo wa bili. Tovuti nyingi duniani zilizimika kwa saa kadhaa. Watu walipokimbilia ukurasa wa hali ya huduma wa Amazon, waliona kijani. Kwa nini? Kwa sababu ukurasa wenyewe ulikuwa ukitegemea huduma ile ile iliyoanguka, kwa hivyo haukuweza kubadilisha taa. Kampuni ililazimika kutoa taarifa kupitia Twitter.

Tarehe 4 Oktoba 2021, ilikuwa zamu ya Facebook. WhatsApp, Instagram na Facebook zilipotea kwa takriban saa sita, na mifumo ya ndani ya kampuni ikazimika pamoja nazo. Kampuni iliyounganisha mabilioni ya watu ikalazimika kuomba radhi kupitia mtandao wa mshindani wake.

Somo ni moja. Anayetangaza moto asikae ndani ya nyumba inayoungua. Ukurasa wa hali ya huduma uwekwe kwenye seva nyingine, za kampuni nyingine, na ikiwezekana katika nchi nyingine. Hii si anasa. Ni kama kuweka ufunguo wa akiba kwa jirani badala ya kuufungia ndani.

Rangi iwe na neno, na neno liseme cha kufanya

Kurasa nyingi hutumia kijani, manjano na nyekundu, kama taa za barabarani. Sawa. Lakini kuna watu ambao macho yao hayatofautishi kijani na nyekundu, na kuna simu ambazo skrini zake zimechoka kiasi kwamba rangi zote ni kijivu. Ukiingia juani pale stendi ya boda, hata simu ya bei hutaiona vizuri. Kwa hivyo kando ya kila rangi kuwe na neno: INAFANYA KAZI, INACHELEWA, IMEKWAMA.

Neno peke yake pia halitoshi. Ukurasa unaosema "tunakabiliwa na changamoto za kiufundi" haujaniambia kitu. Changamoto gani? Nifanye nini na pesa yangu? Nataka sentensi ya pili yenye maagizo: "Kulipa kwa tili kunachelewa. Kama salio lako limepungua, usilipe mara ya pili. Meseji itakuja."

Desemba iliyopita nilishuhudia hasara ya sentensi hiyo kukosekana. Nilikuwa katika duka moja la pembejeo hapa Nyacheki. Omogaka mmoja alikuwa amechukua mfuko wa mbolea na kulipa kwa tili. Kwake pesa ilitoka. Kwa mwenye duka haikuingia.

"Baba, pesa haijafika," kijana wa dukani akamwambia kwa heshima.

"Imetoka kwangu, mwanangu. Ona mwenyewe."

Kijana akaangalia. Kweli salio lilikuwa limepungua. Nikafungua ukurasa wa kampuni iliyokuwa ikihudumia malipo hayo, ambayo sitaitaja, na nikakuta taa zote ni kijani. Kwa hiyo ukurasa ulikuwa unasema omogaka ni mwongo, au kijana ni mwizi. Mzee akalipa mara ya pili ili asiaibike mbele ya watu. Malipo yote mawili yakaingia jioni, na kurudishiwa yale ya ziada kukachukua siku nne za kupiga simu. Hakuna aliyekuwa na kosa pale dukani. Kilichokosekana ni sentensi moja ya kuwaambia wangoje.

Hapa kwetu jina la mtu ni sehemu ya biashara yake. Mwenye duka akidhaniwa mwizi siku moja, wateja wa mlima mzima watasikia kabla ya Jumapili. Kampuni inapoiacha taa ya kijani iwake wakati mambo yameharibika, inawaachia majirani wagombane kwa kosa ambalo si lao.

Usiseme "huduma", sema huduma gani

Chaguo la tatu ni jinsi ya kugawa orodha. Taa moja kubwa iliyoandikwa "Mifumo yote iko sawa" haina maana. Malipo ya simu si kitu kimoja. Kutuma kwa mtu ni njia moja. Kutoa kwa wakala ni njia nyingine. Kulipa kwa tili, kulipa Paybill, kutoa benki kuja simu, kutoa simu kwenda benki, kununua tokeni za stima, kutuma kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine: kila moja ina daraja lake, na daraja linaweza kuvunjika moja huku mengine yakipitika.

Tangu 2018 wateja wa Safaricom, Airtel na Telkom wanaweza kutumiana pesa moja kwa moja, na Aprili 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba malipo ya wafanyabiashara pia yanavuka mitandao. Jambo zuri kabisa. Lakini maana yake ni kwamba malipo moja sasa yanaweza kugusa kampuni mbili au tatu kabla ya kufika. Likikwama katikati, kila mmoja anaweza kumnyoshea mwenzake kidole.

Kumbuka Julai 2023, mfumo wa serikali wa eCitizen uliposhambuliwa mtandaoni. Wakati huo ulikuwa unabeba huduma zaidi ya 5,000 za serikali. Waziri wa wakati huo wa habari na mawasiliano, Eliud Owalo, alithibitisha shambulio hilo na kusema hakuna data iliyopotea. Siku zile watu walitatizika kununua tokeni na kulipia huduma kwa simu, na wengi walilaumu simu zao, wengine walilaumu wakala. Ukurasa mzuri ungesema: "Kutuma pesa kunafanya kazi. Kununua tokeni kumekwama. Tatizo liko nje ya mfumo wetu. Pesa isiyotumika itarudi kwenye akaunti yako." Sentensi nne fupi, na mtu anajua awashe taa ya mafuta usiku huo au aendelee kungoja tokeni.

Kwa sisi watu wa Kisii hili si jambo la nadharia. Mkulima wa majani chai anayesubiri malipo yake anataka kujua kama njia ya benki kuja simu iko wazi. Mgonjwa aliye katika hospitali ya Nyacheki anataka kujua kama Paybill inapokea. Mwenye boda anataka kujua tili tu. Kila mmoja ana taa yake. Waonyeshwe hizo.

Saa ya nani?

Hili linaonekana dogo, lakini huwa linaumiza watu. Kampuni huandika: "Matengenezo yatafanyika 02:00 hadi 05:00." Mkenya akisoma 02:00 kwenye simu, mdomo wake unasema saa nane. Mwingine akisoma 2:00, kichwa chake kinasikia saa mbili, naye anajiuliza kama ni saa mbili asubuhi au usiku. Mama aliyepanga kumtumia mtoto nauli alfajiri hajui asimame wapi.

Dawa ni rahisi. Andika saa tunavyoisema: "saa nane usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili." Ongeza tarakimu ukitaka, lakini maneno yatangulie. Halafu weka wakati ukurasa uliposasishwa mara ya mwisho. Ukurasa usio na saa ya mwisho ni kama gazeti lisilo na tarehe. Huwezi kujua kama unasoma habari za leo au za juzi.

Kuna wenzetu wanaofanya hivi kwa miaka mingi. Kenya Power ikitaka kukata stima kwa matengenezo, hutoa tangazo lenye eneo, tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na majina ya vijiji, shule na masoko yatakayoguswa. Watu hulalamika kuhusu stima kila siku, lakini tangazo lile wanalisoma na kulisambaza kwa vikundi vya WhatsApp, kwa sababu linataja mahali pao kwa jina. Mwenye posho mill anajua asage mapema. Kampuni za malipo zina la kujifunza hapo.

Kama haufunguki kwa kabambe, haupo

Ukurasa ambao unahitaji bando na simu ya kisasa unawafikia wale wale ambao tayari wana njia nyingine kumi za kujua. Mwenye kabambe ndiye aliyeachwa nyuma, na ndiye asiye na njia nyingine ya kufikisha pesa.

Kwa hivyo mpangilio uwe hivi. Kwanza, ukurasa wa tovuti uwe mwepesi, maandishi tu, bila picha na bila video, ufunguke hata netiweki ikiwa mstari mmoja. Pili, habari hiyo hiyo iwe ndani ya ile menyu ya kubonyeza nyota, ambayo haihitaji bando. Ukipiga, chaguo la kwanza liwe "Hali ya huduma leo". Tatu, kabla mteja hajaweka nambari yake ya siri, kama huduma anayotaka imekwama, menyu yenyewe imwambie hapo hapo. Kuna faida gani kumruhusu mtu aingie kwenye shimo halafu umwonyeshe kibao cha "hatari" akiwa ndani?

Na netiweki yote ikilala? Hilo limewahi kutokea. Jumatatu ya tarehe 24 Aprili 2017, Safaricom ilipata hitilafu kubwa iliyogusa simu, meseji, intaneti na M-PESA kwa pamoja, na huduma zikarudishwa kwa awamu siku hiyo. Siku kama hiyo meseji haiendi na menyu haifunguki. Taarifa zilitoka kwenye mitandao ya kijamii, ambayo mtu aliyezimikiwa na laini yake ya pekee hawezi kuifikia.

Lakini redio haikuzimika. Huku kwetu mtu akiwa shambani anachuma majani chai, Egesa FM inasikika kwa Ekegusii kutoka kwenye redio ndogo iliyotundikwa kwenye tawi. Ningependa kuona kampuni ikipanga ukurasa wake kwamba taa ikigeuka nyekundu kwa zaidi ya nusu saa, taarifa fupi inatumwa yenyewe kwa stesheni za redio za kila eneo, ikiwa imetafsiriwa tayari. Maandishi yaandikwe mapema, wakati wa amani. Siku ya moto si siku ya kutafuta mkalimani.

Nani ana ruhusa ya kuzima kijani?

Sasa tufike penye moto wenyewe. Mimi nimesomea masoko chuo kikuu. Tulifundishwa kulinda jina la kampuni. Kwa hiyo najua vizuri sauti itakayosikika mkutanoni: "Tusiweke nyekundu bado. Wateja wataogopa. Washindani watafurahi. Ngoja mafundi wamalize kwanza." Kila dakika ya kungoja, kuna omogaka mwingine analipa mara mbili.

Naheshimu taaluma yangu, lakini ufunguo wa taa usiwe mikononi mwa watu wa masoko. Usiwe hata mikononi mwa meneja. Taa igeuke yenyewe kwa kipimo kilichokubaliwa. Pendekezo langu: kama katika kila malipo 100 ya huduma fulani 5 yanashindwa kwa dakika tano mfululizo, taa iwe manjano bila kumuuliza mtu. Yakifika 20, iwe nyekundu. Binadamu wabaki na kazi ya kuandika maelezo, na kusasisha kila dakika 30 hata kama hakuna jipya. "Bado tunashughulikia, hatujapata chanzo" ni habari pia. Kimya ndicho kinachozaa uvumi.

Na kuirudisha taa kuwa kijani kuwe kugumu kuliko kuizima. Huduma ikirudi, ikae sawa kwa muda, tuseme dakika 15, kabla ya kutangazwa imepona. Hakuna kinachoudhi kama kuambiwa "tumerejea" halafu ukituma inakwama tena.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hitilafu ya malipo haifichiki. Dakika tano baada ya kukwama, kila duka kuanzia Nyacheki hadi Nyamache linajua. Kinachobaki kwa kampuni ni kuchagua kama itajulikana kwamba ilisema mapema au ilinyamaza.

Hoja za upande wa pili

Kuna wanaopinga, na wana hoja za kusikilizwa. Hoja ya kwanza ni kwamba taa nyekundu italeta hofu, watu wakimbilie kutoa pesa zote. Hofu ipo. Lakini mtu hukimbia zaidi asipojua. Ukimwambia "Pesa zako ziko salama. Kinachokwama ni njia ya kulipa Paybill pekee," umempa sababu ya kutulia. Ukinyamaza, jirani atamwambia kampuni imefilisika.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: matapeli. Mfumo ukikwama, nao huamka. Wanapiga simu: "Tunatoka huduma kwa wateja, pesa yako imekwama, tupe PIN tuiachilie." Kadiri kampuni inavyotangaza hitilafu, ndivyo tapeli anavyopata hadithi ya kuaminika. Nakubali. Ndiyo maana mpangilio wa arifa lazima uwe na sheria kali. Meseji ya hitilafu isiwe na linki hata moja. Isiombe kubonyeza chochote. Isitoe nambari mpya ya kupiga. Itoke kwa jina lile lile kila siku. Na kila meseji imalizike na maneno yale yale: "Hatutakupigia kuomba PIN." Mteja akizoea sura ya meseji halali, ile ya uongo itamkwaruza sikio. Kampuni isipotoa meseji yoyote, ya tapeli ndiyo itakuwa ya kwanza kufika, na mtu huamini ya kwanza.

Hoja ya tatu ni kwamba arifa nyingi zitachosha watu. Ni kweli pia. Basi mteja achague mwenyewe. Mwenye duka achague taarifa za tili na kutoa pesa pekee. Mzazi achague Paybill ya shule. Na usiku wa manane simu isilie kwa ajili ya hitilafu ya huduma usiyotumia.

Asilimia zinavyotupaka mafuta kwa mgongo wa chupa

Kurasa nyingi huweka chini kabisa nambari kubwa: "Huduma ilipatikana kwa asilimia 99.9." Inapendeza. Tupige hesabu. Mwaka una saa 8,760. Asilimia 0.1 ya hizo ni karibu saa 8 na dakika 45. Asilimia 99 tu, ambayo shuleni ungepigiwa makofi, ni saa 87 na zaidi za giza, yaani siku tatu na nusu na ushee.

Tena saa hazilingani. Saa moja ya kukwama saa tisa usiku wa Jumanne si sawa na saa moja ya jioni ya tarehe 24 Desemba, watu wametoka Nairobi, kila duka limejaa. Kwenye asilimia zote mbili ni sawasawa. Mfukoni ni mbingu na ardhi. Kwa hivyo badala ya asilimia, nataka orodha: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kuisha, huduma iliyoguswa, chanzo, na kilichorekebishwa. Na orodha ikae angalau mwaka mzima. Kampuni inayofuta makosa yake baada ya wiki mbili inataka usahau kabla hujalinganisha.

Duniani kuna wanaolichukulia jambo hili kwa uzito. Singapore, mamlaka ya fedha imeweka kikomo: mfumo muhimu wa benki usizimike bila mpango kwa zaidi ya jumla ya saa 4 katika miezi 12. Benki ya DBS ilipoandamwa na hitilafu za mara kwa mara mwaka 2023, Novemba mwaka huo mamlaka iliizuia kwa miezi sita kufanya mabadiliko ya mifumo yasiyo ya lazima, ili kwanza itengeneze nyumba yake. Kenya ndiyo nchi iliyoionyesha dunia malipo ya simu tangu M-PESA ilipozinduliwa Machi 2007. Hatuna sababu ya kuwa nyuma katika kusema ukweli kuhusu malipo hayo hayo.

Mpaka siku hiyo ifike

Wakati tunaendelea kusukumana na kampuni, yetu ikiwemo, haya yatakulinda:

1. Pesa ikikwama, angalia salio kabla ya kutuma tena. Salio likiwa limepungua, ngoja. Likiwa halijapungua, malipo hayakutoka.

2. Salio lisipoonekana kabisa, basi huenda mfumo wote umekwama. Usirudie kutuma. Andika saa na kiasi mahali.

3. Tunza ule msimbo wa muamala wenye herufi na tarakimu. Ndio ushahidi wako. Usifute meseji mpaka uliyemlipa athibitishe.

4. Kama wewe ndiye muuzaji, usitegemee meseji iliyo kwenye simu ya mteja. Angalia salio lako au taarifa ya tili yako. Na mteja akiwa mkweli lakini pesa imechelewa, mwandikieni kwenye daftari, msimbo na saa, mkubaliane. Heshima inagharimu kidogo kuliko ugomvi.

5. Usimpe mtu yeyote PIN, hata akijua jina lako, kiasi ulichotuma na mahali ulipo.

6. Uliza kampuni yako: ukurasa wenu wa hali ya huduma uko wapi, na ninaupataje bila bando? Ukiulizwa na mtu mmoja, swali hupotea. Ukiulizwa na chama kizima, mtu ofisini atalazimika kulijibu.

Hilo la mwisho ndilo naliamini zaidi. Mipangilio yote niliyoitaja inaweza kubadilishwa na watu wachache ndani ya wiki chache. Kinachokosekana si kompyuta wala wataalamu. Kinachokosekana ni mteja anayeudai ukweli kwa sauti ileile anayoudai chenji yake ya shilingi kumi. Chenji hiyo hatuiachi dukani, na hii pia tusiiache.